Sanduku la DVD za Paul Robeson: besi safi, maneno ya watu

Kama huna ndugu Marekani, sanduku hili la filamu za Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, utalisikia kwa watu tu, maana madukani kwetu halipo na sijaona fundi wa kuchoma CD anayelijua. Langu nilinunuliwa na mpwa wangu aliyeko Minnesota, likaja Lushoto ndani ya begi la mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani. Ni DVD nne za kampuni ya Criterion, zilitoka 2007 kwa jina la Paul Robeson: Portraits of the Artist. Ndani kuna filamu saba, makala fupi moja ya video, kijitabu, na mahojiano. Nafundisha kwaya ya usharika na mwenyewe naimba besi, yaani sauti ya nne, ya chini kabisa, kwa hiyo mapitio haya ni ya masikio zaidi kuliko macho. Mpenzi wa filamu hasa atafute mtu mwingine wa kumshauri.

Jambo la kujua kabla hujatoa hela: diski hizi zimefungiwa soko la Marekani Kaskazini. Deki yangu ya Kichina inapiga chochote utakachoitia, lakini ya shemeji yangu ilizitema zote nne. Jaribu kwanza na DVD yoyote iliyotoka huko. Tafsiri ya Kiswahili hamna, na Kiingereza cha filamu za miaka ya 1930 kinakwenda mbio, tena kwa lafudhi ambazo hata mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu aliomba turudishe nyuma.

Kwa wasiomjua: Robeson alizaliwa 1898 mjini Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa utumwani, akatoroka, akaja kuwa mchungaji. Kijana akasoma chuo kikuu cha Rutgers, akang'ara katika mpira wa miguu wa Kimarekani, akachukua shahada ya sheria Columbia mwaka 1923. Uwakili wenyewe haukudumu, kwani katibu muhtasi mzungu ofisini alikataa kuandika anayomsomea mtu mweusi, naye akabeba vitu vyake akaondoka. Aprili 1925 alisimama New York na mpiga kinanda Lawrence Brown wakaimba onyesho zima la nyimbo za Wamarekani Weusi, zile za kiroho zilizotoka mashambani kwa watumwa, bila kuzifunika kwa nyimbo za Kijerumani au Kiitaliano ili zionekane za heshima. Mwaka huohuo akaanza kurekodi santuri.

Mwaka huo 1925 una uzito wake kwa sisi wa sauti ya nne. Kabla yake mwimbaji alikuwa anaimbia pembe kubwa ya bati, na nguvu ya pumzi yake mwenyewe ndiyo iliyotikisa sindano ikachora nta. Soprano na teno wenye sauti kali walipita. Besi ilifika imekonda, noti za chini zimemezwa. Ndipo ikaingia mikrofoni ya umeme, na mtu akaweza kuimba chini, taratibu, kama anazungumza na wa karibu yake, na yote yakanaswa. Robeson alifika studio mlango ukiwa ndio kwanza umefunguliwa. Angezaliwa miaka kumi na tano mapema, sidhani kama tungekuwa tunamzungumzia. Na si huko kwao tu: mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice, na mwaka huo Robeson alikuwa London, usiku akiimba kwenye jukwaa la Drury Lane, naye ana santuri zake kwenye lebo hiyohiyo ya mbwa na gramafoni. Sijui kwa nini watu wa kwaya na watu wa taarabu hatukai meza moja tukaongea habari hizi.

Haya, diski zenyewe. Sitazipitia kwa mpangilio wa sanduku.

Anza na ya nne. Ina The Proud Valley ya 1940, na mwalimu yeyote wa kwaya asiyeiona filamu hii anajinyima. Robeson ni David Goliath, baharia Mmarekani mweusi anayezurura bila kazi katika bonde la wachimba makaa ya mawe kule Wales. Anapita chini ya jengo ambamo kwaya ya wanaume inafanya mazoezi. Wanaimba Elijah, kazi kubwa ya kwaya ya mtunzi Mjerumani Mendelssohn. Yeye yuko nje, barabarani, anaidaka sauti yake na kuiingiza ndani ya wimbo wao, wala hapigi kelele. Kiongozi wa kwaya ndani anaisikia. Tazama uso wa yule mzee! Mimi naujua uso huo, ndio ninaouvaa akiingia mgeni kutoka usharika mwingine, akaketi nyuma, na ghafla safu yangu ya besi ikapata sakafu. Kuanzia hapo mzee hataki kusikia lolote, mtu huyu lazima apewe kazi mgodini ili aimbe kwenye mashindano. Wapo wachimbaji wanaonung'unika kufanya kazi na mtu mweusi, na mzee anawauliza kwani wao wakishakuwa shimoni si wote ni weusi? Wote tuliokuwa tukitazama tulicheka hapo, pamoja na watoto.

Baadaye mgodi unalipuka, yule mzee anakufa, na kwenye mashindano Robeson anasimama kuimba Deep River, mojawapo ya zile nyimbo za kiroho, kwa ajili yake. Niliirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya mke wangu. Sikilizeni anavyoshuka. Besi wengi, mimi nikiwamo, tukiona noti inakaribia do ya chini tunakaza shingo, tunashusha kidevu, tunaisukuma. Inatoka kama gari linalowaka kwa shida asubuhi ya baridi. Yeye haongezi chochote. Kinywa kiko palepale, neno linatamkwa lote mpaka herufi ya mwisho, sauti inazidi kupanuka tu. Halafu angalia mabega: hayapandi anapovuta pumzi. Niliwaita besi wangu wanne, nikazima sauti ya runinga, nikawaambia watazame mabega tu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu anapumua saa ngapi?" Swali zuri kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka mzima kuhusu kiwambo cha pumzi.

Nieleze pia upungufu wake, maana sifa tupu hazimsaidii anayenunua. Robeson hakuwa na eneo kubwa la sauti. Alikuwa anashusha ufunguo wa wimbo mpaka ukae anapopenda, na humo ndimo alimokaa. Mapambo hana, opera hana. Nyimbo za haraka zinampwaya kidogo. Mtu aliyezoea waimbaji wanaozungusha neno moja mizunguko saba atasema huyu mbona anaimba wima tu. Ni kweli, anaimba wima. Ndiyo sababu neno linafika, na ndiyo sababu inauma sana neno lenyewe linapokuwa la hovyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye diski ya tatu, ambayo nilidhani nitaipenda kwa sababu ya Kenyatta.

Sanders of the River ni filamu ya Waingereza ya 1935, imeongozwa na Zoltan Korda, kaka yake Alexander akiwa mtayarishaji. Hadithi imewekwa Nigeria ya mkoloni. Kuna ofisa wa wilaya aitwaye Sanders, mwenye kutuliza makabila kwa kofia na kiko, na kuna Bosambo, chifu mwaminifu, ambaye ni Robeson. Kijiji cha filamu kilijengwa studio kule Shepperton, Uingereza, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakaajiriwa kujaza uwanja. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi London. Nilimwalika baba mkwe, mtu wa Voi, ambaye anayo picha ya Kenyatta ukutani tangu sijamwoa binti yake. Alikaa mbele kabisa ameshika rimoti. "Yule! Rudisha." Tukarudisha. "Hapana. Yule mwenye mkuki." Tukarudisha tena. Kila ukija mkutano wa machifu anamchagua mtu mwingine, na kila mmoja anamwapia. Chai ikapoa.

Lakini kadiri filamu ilivyokwenda mzee akawa haangalii tena watu wa pembeni. Anamwangalia Robeson, mtu mrefu, kifua wazi, amevalishwa ngozi ya chui, anamnyenyekea yule ofisa, bwana huku bwana kule. Filamu inafunguka kwa maandishi ya kuwasifu Waingereza wachache wanaotawala mamilioni ya watu weusi, na haichoki kuimba sifa hizo. Mbaya zaidi, Robeson mwenyewe anaziimba. Wimbo wa kupiga makasia, uliotungwa na Mischa Spoliansky, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, una mdundo ambao ukishausikia hautoki. Vijana wangu waliushika siku ileile, maneno yasiyo na maana kwa lugha yoyote wakayaimba kama yalivyo. Sauti ni ileile ya kule Wales. Baba mkwe akaniuliza, "Huyu ndiye yule wa makaa ya mawe?" Nikamwambia ndiye. Akaweka rimoti mezani.

Cha kuumiza ni kwamba Robeson hakuwa mjinga wa Afrika. Mapema 1934 alijiandikisha katika chuo kinachoitwa leo SOAS, London, kusoma fonetiki na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili chetu hiki. Alikuwa anaandika na kusema hadharani kwamba mtu mweusi wa Marekani aache kuona haya kwa asili yake. Alivutwa na filamu hii kwa sababu Korda alikwenda Afrika kweli, akarudi na picha na sauti za ngoma, naye akaamini ulimwengu utauona utamaduni ukiwa na hadhi yake. Ngoma hizo zimo, na ni sehemu bora za filamu. Ila mkanda ulipokatwa na kuunganishwa, na maneno yakapangwa, alijikuta amekuwa mpambe wa dola. Baadaye aliikana waziwazi. Kama mwalimu wa kwaya nalijua tatizo hili kwa udogo wake: unapewa wimbo na wageni rasmi, noti nzuri, unawafundisha watu wako mpaka wanaimba vizuri ajabu, na siku ya shughuli unausikia ukiimbwa mbele ya meza kuu ndipo unagundua wimbo unasema nini.

Filamu ya pili kwenye diski hiyo, Jericho ya 1937, ni afadhali. Askari mweusi wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza anatoroka adhabu na kuishia jangwani Sahara, akawa kiongozi wa watu. Ilipigwa kwa sehemu Misri, kwa hiyo hapo kweli anakanyaga ardhi ya Afrika. Mkewe Eslanda ndiye aliyetutembelea huku kwetu zaidi: 1936 alifika mpaka Uganda pamoja na mtoto wao mdogo, akaandika kitabu cha safari hiyo. Filamu yenyewe ina mchanga mwingi na maongezi mengi. Ukiwa na nguo za kupiga pasi, hii ndiyo yake.

Diski ya pili sikuielewa vizuri, ila nitasema nilichokipata. Body and Soul ya 1925 ni ya Oscar Micheaux, mwongozaji mweusi aliyetengeneza filamu kwa hela zake za kuungaunga, na ni filamu ya kwanza ya Robeson. Ni bubu! Sauti iliyokuja kujulikana dunia nzima inaanza sinema bila kusikika hata mara moja. Anacheza mhubiri tapeli, mlevi, anayemwibia mama mmoja akiba aliyoificha ndani ya Biblia, na papo hapo anacheza ndugu wa mhubiri huyo, kijana mwema. Pale anapohubiri huku waumini wanaruka, na wewe unajua amelewa, huhitaji maneno. Wamama wa usharika walioitazama kwangu walikubaliana haraka sana kwamba wanamjua mtu wa namna hiyo, na nikabadili mazungumzo. Muziki umewekwa upya na mpiga tromboni Wycliffe Gordon, na umekaa vizuri. Nyingine ni Borderline ya 1930, iliyopigwa Uswisi na kikundi cha washairi. Eslanda naye yumo. Nyuso, mikono, ngazi, paka. Nilisinzia.

Diski ya kwanza ina The Emperor Jones ya 1933, iliyomtoa kimataifa kama nyota wa filamu zenye sauti. Bawabu wa treni anaua mtu kwenye mchezo wa dadu, anafungwa, anatoroka kuvunja mawe, anafika kisiwani na kujifanya mfalme ambaye eti risasi ya fedha pekee ndiyo inayoweza kumuua. Kuigiza kwake hapa ni kukubwa kuliko kwingine kote; ana kiburi, anacheka, anatisha. Na anapogonga mawe kwenye gereza na kuimba, nyundo inashuka kwenye pigo, pumzi inatoka na nyundo. Huo ndio wimbo wa kazi jinsi ulivyo, hata kwetu kwenye kutwanga na kuvuta nyavu. Ukiondoa kazi, wimbo unabaki na mashimo. Maneno ya dharau kwa mtu mweusi yamejaa humu, watoto wasikae.

Lakini kilichonifanya nisiuze sanduku hili hata mtu akiniongezea hela ni ile makala fupi iliyo kwenye diski hiyohiyo. Ni ya nusu saa, imetengenezwa 1979 na Saul J. Turell, msimulizi ni Sidney Poitier, na ilishinda Oscar ya makala fupi. Inachukua wimbo mmoja, Ol' Man River, na kuufuata maisha yake yote. Wimbo uliandikwa 1927 na Jerome Kern na Oscar Hammerstein, wazungu wawili, kwa ajili ya mchezo wa Show Boat, na sauti waliyokuwa nayo kichwani ni ya Robeson. Kuli mweusi wa mtoni anaimba kwamba amechoka kuishi na anaogopa kufa. Maneno ya mwanzo yana lile tusi la watu weusi ndani yake. Robeson akaanza kuliondoa. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati anaimbia mikutano ya kuunga mkono Jamhuri ya Hispania, akageuza mstari wenyewe: badala ya kuchoka na kuogopa, mwimbaji anasema ataendelea kupigana mpaka afe. Noti hakugusa hata moja. Katika makala hii unasikia toleo baada ya toleo, na sauti inazidi kuwa nzito kwa umri huku maneno yanazidi kunyooka. Yule aliyekubali kuimba maneno ya akina Korda amefika mahali ambapo anamsahihisha mtunzi mbele ya hadhira, na hadhira inashangilia.

Ililipiwa. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa siasa zake za mrengo wa kushoto na kwa kusema sana juu ya ubaguzi na ukoloni, Afrika ikiwamo. Kumbi zikafungwa, redio zikanyamaza. Oktoba 1957 wachimba makaa wa Wales, walewale wa kwaya, walikusanyika Porthcawl naye akawaimbia kwa simu kupitia waya wa chini ya bahari, akiwa New York. Pasipoti alirudishiwa 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia kwa sababu ya imani zake. Kwenye sanduku yamo mahojiano ya redio ya mwaka huohuo, na nashauri uyasikilize baada ya filamu zote. Anaongea taratibu, na hata kuongea kwake ni besi.

Filamu ya pili kwenye diski ya nne, Native Land ya 1942, haimwonyeshi kabisa. Yeye ni sauti ya msimulizi na mwimbaji katika habari za wafanyakazi wa Marekani na waajiri waliowapeleleza na kuwapiga. Ni ndefu, na mtu asiyejua historia ya vyama vya wafanyakazi vya huko atapotea njiani. Mimi nilifumba macho nikasikiliza.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni juu ya visivyomo. Show Boat ya 1936 haimo, ambamo ndimo anapouimba ule wimbo mwenyewe wa mto, kwa hiyo makala inakuonjesha tu. Na Song of Freedom ya 1936 haimo pia. Hiyo ndiyo filamu aliyoifanya baada ya kuumizwa na Sanders, akadai kwenye mkataba haki ya kuidhinisha mkanda wa mwisho: kuli wa bandari ya London anakuwa mwimbaji maarufu na kugundua asili yake Afrika. Kuiacha nje ya sanduku linalohusu kazi ya mtu huyu ni pengo, maana ndiyo inayoonyesha alichofanya alipopata neno la mwisho. Naitafuta. Mwenye nakala Tanga, Moshi au Mombasa aseme, nitamkopesha diski ya nne hata kesho. Ya tatu siwezi, iko kwa baba mkwe, bado anamtafuta Kenyatta.